Ombi la Giza

KUH: OMBI LA KUZIMWA KWA TAA YA MULIKA MWIZI NAMBARI 14, MTAA WA BARAKA AWAMU YA PILI, KITENGELA, KWA AJILI YA USINGIZI WA MTOTO WHITNEY OTIENDE, MIAKA SABA

Hilo ndilo lililokuwa jina la jambo lenyewe, kwa herufi kubwa na mistari miwili chini yake, na hakuna mtu katika Idara Ndogo ya Taa, Mitaro na Vibao aliyeliona kuwa na kasoro. Dalmas Otiende alilitunga kwa uangalifu. Alikuwa karani wa masjala ya idara hiyo, mjini Kajiado, kwa miaka kumi na moja, na alijua vizuri kwamba barua ya mtu mzima anayetaka taa izimwe ili apige picha za nyota ingezeekea kwenye trei mpaka nyota zenyewe zichoke. Barua ya mtoto ni kitu kingine. Hakuna mkubwa anayetaka kusikia redioni kwamba alimnyima mtoto usingizi.

Kwa hivyo aliandika kwamba mwanga wa taa hiyo unapenya mapazia, kwamba mtoto hushtuka usiku na kusinzia darasani, na kwamba mtoto anaomba giza. Mtoto mwenyewe hakuulizwa. Alikuwa amelala.

Barua iliwasili Jumatatu mezani kwa karani wa masjala, yaani yeye. Aliipokea, akaipiga mhuri, akaandika pembeni "Inapendekezwa", akaitia juu kabisa ya faili la taa nambari 14 na kumpelekea mkubwa wake. Mkubwa alitia sahihi huku akiongea na simu. Katika masjala hakuna anayesoma faili kutoka chini. Karatasi ya juu ndiyo yenye haraka.

Siku ya tisa gari la idara lilifika Baraka Awamu ya Pili. (Awamu ya Kwanza haijawahi kuonekana na mtu yeyote.) Mafundi hawakuizima taa tu. Waliing'oa kichwa chote, wakakifunga kamba na kwenda kukisimika Kimuka, ambako wananchi walikuwa wakiomba taa kwa miaka minne. Nguzo ikabaki uchi mbele ya nyumba ya Dalmas. Naye akarudi masjala, akaandika kwenye jalada, "Limeshughulikiwa kikamilifu. Faili lifungwe", akapiga mhuri.

Usiku ule wa kwanza alimwita mkewe nje. Namalwa alitoka akiwa amejifunga leso juu ya sweta, maana baridi ya Julai ya Kitengela haina mchezo, akainua uso. Upande wa Nairobi anga ilikuwa na ile rangi ya chai ya maziwa, lakini kusini, juu ya mbuga za kuelekea Isinya, nyota zilikuwa zimemwagika hadi chini kwenye ua.

"Woi, Baba Whitney," alisema. "Kumbe hizi vitu zimekuwa hapa wakati wote?"

"Wakati wote."

"Na tunalipia decoder."

Dalmas alicheka. Kwa wiki tatu alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kajiado.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira, na hiyo ndiyo sababu ilimfaa karani. Alikuwa na kamera kuukuu juu ya stendi ya miguu mitatu, na kijimota kilichoizungusha polepole kufuata nyota. Alipiga picha mia moja na ishirini za sehemu moja ya anga, kila moja kwa nusu dakika, kisha kompyuta ikazilaza moja juu ya nyingine mpaka kile ambacho jicho haliwezi kukiona kikajitokeza. Lakini kamera nayo ina uchafu wake: vidoa vya uongo inavyovitengeneza yenyewe gizani. Ili kuvitoa, mpigaji hufunika lenzi kwa kifuniko chake na kupiga picha nyingine ishirini za giza tupu. Kompyuta husoma uchafu kwenye hizo picha za kifuniko, kisha huuondoa kwenye picha za nyota. Dalmas alipenda sana hatua hiyo. Ilikuwa kama ukaguzi wa hesabu, tofauti yake ni kwamba hapa makosa yalipatikana.

Picha za kifuniko alizipigia ndani, kwa sababu ya baridi. Aliiweka kamera juu ya stuli kwenye korido, lenzi ikiwa imefunikwa, akaiacha ijipigie huku yeye akinawa na kupiga mswaki.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Alitoka bafuni usiku mmoja akakuta korido inanuka utambi uliozimwa, ule moshi mtamu na mchafu wa koroboi ikishapulizwa. Hawakuwa na koroboi. Whitney hajawahi hata kuiona koroboi maishani. Dalmas alichungulia jikoni, akagusa swichi, akalala.

Siku tatu baadaye, wakila jioni, Whitney alifunika macho kwa kiganja.

"Baba, zima taa."

"Tutakula aje gizani, mum?" Dalmas alimwuliza binti yake.

"Inaniuma." Kisha, akiwa bado amefunika macho, akasema kwa sauti ya mtu anayesifu mwalimu mpya, "Yule mtu wa kuzima ananipulizia macho. Hivi: pfuu. Napata usingizi poa sana."

Namalwa aliweka kijiko chini. "Mtu gani, Whitney?"

Lakini Whitney alikuwa ameshalala, shavu juu ya ugali.

Mwalimu aliandika kwenye daftari kwamba mtoto anasinzia darasani, na Dalmas aliposoma maneno hayo alihisi kwamba anayajua, kwa sababu alikuwa ameyaandika yeye mwenyewe mwezi uliopita, kwa mpangilio uleule. Akalitia daftari sahihi, akamrudishia Whitney. Mtoto aliyekuwa akiamka saa kumi na mbili akaanza kuamka saa mbili, kisha saa tano. Mwanga wa dirisha ulimtoa machozi. Usiku hakugeuka hata mara moja kitandani.

Na picha za nyota zikaharibika. Katikati ya kila picha iliyokamilika kulikuwa na tundu, mahali palipokuwa peusi kuliko anga na pasipo na nyota hata moja, parefu, pamepinda juu. Dalmas alifuta lenzi. Tundu likabaki. Akabadilisha upande wa anga, akaziacha nyota za Nge akaenda kwenye Msalaba wa Kusini, na tundu likamfuata huko. Ndipo akili yake ya masjala ilipomwambia jambo ambalo mtu mwingine asingelifikiria upesi: tundu ni kitu kilichoondolewa. Kompyuta huondoa tu kile ilichokikuta kwenye picha za kifuniko. Basi kwenye picha za kifuniko kuna kitu.

Alizitoa zote, za wiki tatu, zaidi ya mia tatu, akaiambia kompyuta izilaze pamoja bila nyota. Namalwa alikuwa amekaa kando yake kwenye kochi akishona kifungo cha yunifomu. Kioo kilikuwa cheusi, kisha kijivu, na katika ule ukijivu mistari ikaanza kusimama mmoja mmoja, na Dalmas, ambaye alijua kwamba lenzi ilikuwa imefunikwa, kwamba kifuniko kile alikibana kwa vidole vyake mwenyewe kila usiku na kukijaribu mara mbili, aliitambua korido ya nyumba yake, akautambua ukuta wenye kalenda ya kanisa, akautambua mlango wa chumba cha Whitney ukiwa wazi kiasi cha kiganja, na mbele ya mlango huo, kikiwa kimeipa kamera mgongo, kirefu mpaka dari ilikuwa imekilazimisha kuinama, kitu kilichosimama kama mtu anavyosimama akimpulizia mtoto chai.

Uzi wa Namalwa ulikatika.

"Hiyo ni lini?" alinong'ona.

"Kila siku," Dalmas alisema. "Ndiyo maana kinaonekana. Hakisongi."

"Zima hiyo kompyuta."

"Nikizima..."

"Usizime! Wacha. Wacha tu." Alishika mkono wa mumewe. "Ongea polepole. Kiko hapo sasa?"

Wote wawili waligeuka kutazama korido, ambayo haikuwa na kitu chochote isipokuwa stuli, na harufu ya utambi.

Hospitalini daktari kijana alimpima Whitney damu, mkojo na magoti. "Ako na afya kuliko mimi," alisema. "Amelala tu." Kwenye fomu, mahali pa ugonjwa, aliandika: *Usingizi*.

Mwenyekiti wa wakaazi, Mzee Githongo, mwenye nyumba za kupangisha na koti moja la ngozi, alipokea ombi la kurudishiwa taa kwa masikitiko ya kikazi.

"Bwana Otiende, taa iko Kimuka."

"Najua iko Kimuka, Mwenyekiti. Naomba irudi."

"Wewe si ndiye ulisema inasumbua mtoto? Tulisoma barua yako kwa mkutano. Mke wangu Virginia alilia." Githongo alikuna kidevu. "Sasa kupata ingine ni bajeti mpya. Kuna kikao cha wananchi, kuna kamati, halafu kuna tathmini. Mwaka kesho kutwa, Mungu akipenda."

"Nitaweka yangu mwenyewe hapo kwa nguzo."

"Nguzo ni ya serikali."

Basi Dalmas aliweka taa zake mwenyewe ndani ya nyumba, saba kwenye korido peke yake. Kila asubuhi alizikuta zimezimika, na balbu hazikuwa zimeungua. Tokeni za stima zilikuwepo. Swichi zilikuwa zimewashwa. Alipozigonga kwa ukucha ziliwaka zote, kama watu walioamshwa.

Jumatano, akiwa hana la kufanya zaidi ya kazi yake, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na moja. Alisoma faili kutoka chini.

Karatasi ya kwanza kabisa ilikuwa ya miaka tisa iliyopita, kwa mwandiko wa mkono, kutoka kwa mama mmoja aitwaye Kalunde aliyekuwa akiishi kwenye kiwanja hicho kabla ya mtaa kujengwa. *Naomba taa. Kuna mtu anasimama nje ya nyumba yangu usiku. Hagongi. Haibi. Ukimwuliza anataka nini anasema anangoja kuombwa giza. Nimewaambia watoto wasimjibu.* Chini yake, kwa wino mwekundu, mkubwa wa wakati huo alikuwa ameandika: *Mtu huyo aripotiwe polisi. Taa iwekwe.* Na taa ikawekwa, na kwa miaka tisa lile lililosimama likasimama nje ya mwanga bila kuombwa kitu na mtu yeyote, mpaka ilipofika barua iliyochapwa vizuri, yenye nambari na mhuri.

Namalwa, ambaye ni mtu wa kwaya na hapendi mambo hayo, ndiye aliyemleta mganga. Kivuva alitoka pande za Konza, akiwa na mkoba wa ofisi, na kabla ya salamu kwisha alikuwa ameshawaonyesha cheti chake cha Wizara kilichofunikwa plastiki.

"Msije mkafikiri mimi ni wa vichochoroni," alisema. Kisha alisimama mlangoni kwa Whitney, akavuta pumzi kwa pua, na mzaha wote ukamtoka.

"Unaweza kulifukuza?" Namalwa aliuliza.

"Mama, ya kufukuza ni ile imekuja yenyewe. Hii iliitwa." Akamgeukia Dalmas. "Nani aliomba giza?"

"Mimi."

"Uliomba kwa jina la nani?"

"La Whitney. Alikuwa amelala."

"Basi aliyeomba ni mtoto," Kivuva alisema. "Jini hili halina ubaya, mzee, ndiyo shida yake. Jini la ubaya utalichinjia mbuzi, litashiba. Hili linafanya vile liliambiwa. Liliambiwa mtoto anataka giza na usingizi. Linampa. Litaendelea kumpa."

"Tufanye nini?"

"Aliyesema uongo aurudishe. Uandike vile ilikuwa, bila kuzunguka. Usome hapa mlangoni usiku, kwa sauti, halafu karatasi iende palepale ile ya kwanza ilienda. Na usichelewe. Huyu mtoto analala masaa mangapi?"

"Ishirini," alisema Namalwa.

Kivuva alifunga mkoba wake. Hakutaka hata soda.

Dalmas aliketi mezani kuandika. Hapo ndipo inapobidi kumhurumia kidogo, maana alikuwa na sababu. Barua inayokwenda kwenye faili husomwa na wakaguzi. Karani aliyetumia ofisi kujipatia giza, kwa maelezo ya uongo aliyoyapendekeza kwa mkono wake na kuyapiga mhuri wa idara, hafukuzwi tu, hushtakiwa. Nyumba ilikuwa ya mkopo. Alifikiri pia kwamba jini, kama ni la kusoma barua, litakuwa linaelewa lugha ya ofisi.

*KUH: MASAHIHISHO MADOGO YA MAELEZO YA AWALI. Imebainika kwamba huenda maelezo kuhusu usingizi wa mtoto yalikuzwa kutokana na hitilafu ya uandishi, na usumbufu wowote uliojitokeza unajutiwa.*

Namalwa alisoma juu ya bega lake.

"Huenda?" alinong'ona. "Baba Whitney. *Huenda?*"

"Ni lugha tu."

"Andika ulidanganya. Neno moja."

"Nikifungwa mtakula nini?"

"Nani atakula? Huyu hata haamki kula!"

"Ni kitu kilekile, Namalwa. Kitaelewa."

Saa saba usiku alisimama mlangoni kwa binti yake, akasoma. Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona ingawa aliambiwa asome kwa nguvu, na tangu mstari wa kwanza harufu ya utambi ilipanda kutoka sakafuni hadi magotini, kiunoni, kifuani, kama maji yanavyopanda kwenye pipa, naye akaendelea kusoma kwa sababu hakujua la kufanya ila kuendelea, na alipofika "unajutiwa" akanyamaza, na nyumba nzima ikanyamaza naye kwa namna ambayo karani yeyote anaijua, ule ukimya wa mtu upande wa pili wa meza ambaye amesikiliza mpaka mwisho na anangoja kuona kama kuna ukurasa mwingine, na Dalmas alihisi kwamba angeweza kusema sasa, kwamba neno lilikuwa pale nyuma ya meno na hakuna mkaguzi katika korido ile, hakuna mkubwa, hakuna mhuri, ni yeye na mtoto wake na kile kilichoinama baina yao, na bado alifungua mdomo na kilichotoka kilikuwa, "Ni hayo tu kwa sasa."

*Pfuu.*

Ilikuwa pumzi ndogo, ya upole. Balbu saba zikazimika. Gizani akamsikia Whitney akivuta hewa ndefu, ndefu kuliko kifua cha mtoto wa miaka saba, na kuitoa kwa utulivu kama mtu aliyefika nyumbani.

Asubuhi hakuamka. Hakuamka mchana. Walimwosha uso, Namalwa akaimba nyimbo zote za Shule ya Jumapili, na jioni wakampeleka hospitalini, akalazwa.

Siku ya pili yake Dalmas aliingia masjala kabla ya mlango kufunguliwa vizuri, akaketi, akaandika ukweli kwa mistari miwili, akaipiga karatasi mhuri, akamkabidhi Nyakio, karani mwenzake wa kuhifadhi mafaili.

Nyakio alisoma. Alisoma tena. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, na hilo halikusaidia.

"Pole sana, Otiende," alisema polepole. "Lakini hii siwezi kuipokea. Faili limefungwa."

"Lifungue."

"Wewe ndiye ulilifunga. Mhuri wako huu." Alimwonyesha jalada. "Na lililofungwa halipokei karatasi. Ule waraka wa kanuni si ulichapa wewe?"

Alikuwa ameuchapa yeye.

"Kuna njia ya kulifungua, Nyakio. Lazima iwepo njia."

"Iko." Nyakio alipekua waraka, akaweka kidole. "Lifunguliwe kwa ombi la mlalamishi mwenyewe, akifika ofisini na kutia sahihi mbele ya afisa." Akafunua faili kutafuta jina la mlalamishi, akalisoma, kisha akaondoa kidole chake kwenye karatasi kama aliyeguswa na moto. "Mzazi hawezi kumtilia," aliongeza, kwa sauti ndogo. "Wewe ni mtumishi wa idara. Ni mgongano wa maslahi."

Dalmas aliondoka na karatasi yake mkononi.

Wiki ya pili wodini, muuguzi aliomba taa ya juu ya kitanda cha Whitney itengenezwe. Fundi alikuja akasema taa ni nzima. Namalwa halali; anakaa ameshika mkono wa mtoto, na kila mtu anayepita humwambia kwamba anapendeza, anavyolala.

Jioni ya leo Dalmas alichana ukurasa kwenye daftari la hesabu la binti yake, akaandika kwa kalamu ya wino, akautia gundi kwenye nguzo tupu mbele ya nyumba. Hauna nambari wala mhuri, na haujapokelewa na mtu yeyote. Unasema hivi:

Whitney hakuwa na shida ya kulala. Mimi baba yake nilitaka kupiga picha za nyota, nikadanganya, nikaandika jina lake.